Mama Niazime

Mama mkwe wangu alifua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini. Tangu astaafu anafanya kazi ngumu zaidi, tena bila mshahara: kuzungukia familia zilizokwama, yeye na wenzake wa kikundi cha akina mama kanisani kwetu. Mtaa mzima unamwita Mama Niazime. Mimi ndiye ninayeishi naye, kwa hiyo nina haki ya kulalamika.

Jina hilo kalipata kihalali. Akiona kamba ya nguo ya jirani iko tupu wiki nzima, anajua hata sabuni imekwisha humo ndani. Lakini hendi na mfuko wa chakula mkononi. Anapiga hodi, anakaa, anawasifia watoto, halafu anaomba kuazima sufuria. Siku mbili baadaye sufuria inarudi imejaa maharage au unga. "Samahani, nimekawia nayo," anasema, na anaondoka kabla hajashukuriwa. Jikoni kwetu sufuria za watu zimepangwa hadi dirishani, na kuutafuta mfuniko wangu ni shughuli ya asubuhi nzima. Nimenung'unika mpaka nimechoka. Ila sijawahi kumwona mtu akipokea kitu chake kwa aibu, na kwa hilo namheshimu kuliko ninavyomwambia.

Mwaka jana seremala mmoja, jirani yetu, alianguka kutoka juu ya paa akavunjika mguu. Miezi mitatu akawa mtu wa magongo, kazi hakuna. Katibu wa kanisa, mtu mwema ila mdomo wake hauna breki, akalisoma jina lake Jumapili mbele ya waumini wote, kwenye orodha ya "ndugu zetu wenye shida". Alidhani anaharakisha msaada. Wajumbe walipofika na gunia la unga, fundi alilikataa.

"Mimi si tangazo," aliwaambia, na tangu siku hiyo hakumfungulia mtu wa kanisa.

Alhamisi moja mke wake alikuja kwetu kuaga. Jumamosi angepanda basi na watoto wao watatu kwenda kwa kaka yake, safari ya siku nzima, na hakujua wangerudi lini, au kama wangerudi.

"Nimemsihi wee, hasikii," alisema. "Mama, watoto hawawezi kula heshima ya baba yao."

Mama mkwe alimwambia apumzike hapo hapo, akavaa viatu, akanivuta mkono. Tulimkuta fundi peke yake.

"Hodi, baba! Sikutumwa na kanisa. Nina shida yangu."

Mlango ulifunguka nusu. "Shida gani, mama?"

"Nimekuja kuazima sufuria."

Fundi alicheka kwa uchungu. "Mchezo wako huo naujua. Mtaa mzima unaujua. Hata kitinda mimba wangu anaujua."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka yote hiyo mama mkwe aliamini ni siri yake.

"Kama unaujua, basi niazime," alisema taratibu.

"Sina. Sufuria zenyewe tumeziuza."

Nilichungulia nyuma yake. Rafu aliyoichonga mwenyewe ilikuwa tupu, imefutwa vumbi vizuri. Mama mkwe alikaa kizingitini akajipangusa uso. Nilidhani tumeshindwa.

"Basi niazime watoto," akasema.

"Nini?"

"Watoto. Nawachukua wakitoka shule, jioni nawarudisha. Na vya kuazima unajua ninavyovirudisha."

Fundi alihamishia gongo kwapa la pili.

"Na mama yao?"

"Naye namwazima. Mkamwana wangu huyu mvivu, anahitaji msaidizi."

Hata pale sikusalimika.

"Na mimi je?" aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Wewe, baba, sina hila tena. Wewe nitakuletea sahani hapa mlangoni, mchana kweupe, kila mtu aone. Utaipokea?"

Fundi aliegemea fremu ya mlango akalia, mtu mzima mbele ya wanawake wawili, na mimi nikalia naye. Kisha akausukuma mlango ukafunguka wote.

"Lete, mama," alisema.

Jumamosi basi liliondoka bila wao.