Kitambaa Juu ya Kompyuta

Kompyuta yangu niliiunda mwenyewe Mbinga mjini, kipande kwa kipande, na kwa muda mrefu sikujua kwamba iliyokuwa ikiipoza ni baridi ya Mbinga, si ufundi wangu. Nilijisifu sana. Niliwaambia marafiki kwamba prosesa yangu haizidi nyuzi hamsini hata niikamue namna gani, wakacheka na kusema nimeoa mashine. Asubuhi za Juni, ukungu ukiwa bado kwenye mashamba ya kahawa, niliipasha mikono yangu joto kwenye hewa iliyotoka juu ya kasha lake.

Kisha baba akaugua koo, nami nikashuka na kompyuta ile hadi Ziwa Nyasa kukaa na wazazi.

Joto la Nyasa halina adabu. Siku ya kwanza tu, kabla sijaipa kazi yoyote, namba kwenye kioo zilionyesha nyuzi sitini. Nilipoipa kazi zikapanda hadi themanini na tano, na feni ikaanza kulia. Nilifungua kasha, nikapangusa vumbi, nikaikwangua pesti ya kupitishia joto iliyokauka kati ya prosesa na chuma chake cha kupozea, nikapaka mpya. Namba zikashuka, zikakaa kidogo, zikaanza tena kupanda. Mimi si mtu wa subira. Niliitukana mashine ile kimoyomoyo, lakini ukweli ni kwamba niliogopa.

Niliogopa kwa sababu ya kilichokuwamo ndani. Madaktari walikuwa wametuambia kwamba kisanduku cha sauti cha baba kingeondolewa chote, na baada ya hapo asingesema tena. Baba alikuwa msomaji wa kanisani tangu sijazaliwa, sauti yake ikisikika hadi kwenye mitumbwi. Basi kabla haijakatika nikamrekodi: sala zake za Kinyasa, majina ya mababu, namna alivyomposa mama, salamu kwa wajukuu ambao hawajazaliwa. Simu yangu ndogo ilijaa upesi, kwa hiyo kila kitu nilikihamishia kwenye kompyuta na kukifuta kwenye simu. Upepo wa ziwa ulikuwa umevuma juu ya kila neno. Nilikuwa na programu ya kuuondoa upepo ule, na ndiyo iliyokuwa ikiichosha prosesa mchana kutwa.

Baba aliipenda kazi hiyo. Alikuja na kiti chake, akaweka kiganja juu ya kasha, pale hewa ya moto inapotokea.

"Leo ana homa," alisema, sauti ikiwa imebaki mkwaruzo tu. "Anapumulia hapa?"

"Hapo tu, baba. Pakizibwa amekwisha."

Alicheka bila sauti, akajishika koo. Sikucheka naye.

Siku ya kwenda hospitali ya rufaa programu ilikuwa katikati ya kazi. Nilimwambia mama, ambaye angebaki nyumbani, "Mama, usiizime hata kidogo. Humo ndimo sauti ya baba inasafishwa."

"Sitaizima, mwanangu," alisema.

Gari lilipoanza kupanda mlima, niliona kule ziwani kitu kama moshi kimesimama juu ya maji, mrefu na mweusi, bila moto wowote chini yake. Walikuwa visubi, wadudu wadogo wa ziwani. Huzaliwa majini kwa mamilioni, na upepo ukiwasukuma nchi kavu huingia hata kwenye chungu kilichofunikwa. Moshi ule ulikuwa ukisogea taratibu kuelekea kwetu. Baba naye aliuona.

"Mwambie mama yako afunge madirisha," alisema.

Nikampigia mama simu, naye akafunga. Sikumbuki baba kusema neno jingine baada ya hapo.

Tulikaa hospitali muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Baba alitoka na bandeji shingoni na njia mpya ya kujibu: akigonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Umeme wetu, ambao hukatika hata kwa wingu dogo, safari hiyo haukukatika kabisa. Ungekatika tungepona.

Tulipoingia ndani, visubi waliokufa walikuwa wamefagiliwa rundo mlangoni. Chumba kilikuwa kimefungwa na kinanuka plastiki iliyoungua. Nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi, kitu cha thamani hufunikwa: redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, viti vina vitambaa. Juu ya kompyuta, iliyokuwa imezimika yenyewe, kilikuwapo kile kizito chenye maua aliyoyadarizi mama, cha Krismasi, kimekunjwa mara nne.

"Visubi walizidi," mama alisema. "Nikasema wasije wakamharibia baba yenu sauti. Sikuizima, nimeifunika vizuri." Akavuta kiti, akaketi, akapanga khanga yake magotini. "Haya, iwashe tumsikie."

Nilikiondoa kitambaa. Upande wa chini kilikuwa na alama ya hudhurungi. Nikawasha. Feni ilizunguka, prosesa ikaamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Diski iliyohifadhi sauti, ile kuukuu iliyokaa juu kabisa kwenye joto lote, ikatoa mlio mkavu, ikanyamaza, ikautoa tena. Mafundi walikuja kuniambia baadaye nilichokijua palepale, kwamba humo hakutoki tena hata neno moja.

Mama alikitazama kitambaa mkononi mwangu. "Ni kitambaa changu kilichofanya hivi?"

Nilikuwa na jibu, na nilikuwa na hasira. Lakini hakuniuliza mimi. Alikuwa amemgeukia baba, kwa kuwa baba hakuwahi kumdanganya. Katika nyumba ile kosa lilisamehewa, uongo haukusamehewa; utotoni nilichapwa kwa kukana sukari, si kwa kuilamba.

Baba aliitazama ile alama. Alijua mashine inapumulia wapi. Akagonga meza mara moja.

Tulisubiri. Akagonga mara ya pili.

Mama akashusha pumzi, akakichukua kitambaa, akaanza kukikunja.