Mawe Yaliyogeuka Kinyume cha Jua

Zamani mtu wa Kilvarra alizikwa alipozikwa babu yake. Siku hizi hata ukifa, uangalie usiwaharibie watalii picha.

Jambo hilo lilimkwama Festus Gilhooly kama mwiba wa samaki kooni. Ukoo wake ndio uliotunza ufunguo wa makaburi ya watawa tangu enzi za mababu, na mkewe Attracta alilala mle, chini ya mnara wa duara, ubavuni mwake pameachwa nafasi ya mume. Kisha Colman Heverin, mwenye hoteli, akaingia kwenye kamati ya kutunza mambo ya kale. Kamati ikaamua: makaburi yafungwe, asizikwe mtu tena, ufunguo urudishwe.

"Mke wangu ananingoja mle, Colman," Festus alimwambia.

"Mzee wangu, makaburi mapya ni mazuri. Yana hata maegesho."

"Nitaegesha nini, mifupa?"

Watu walicheka, lakini ufunguo ulichukuliwa. Na mawe yakachukuliwa pia, yale ya mviringo yaliyokaa miaka yote juu ya madhabahu, kwenye kanisa lisilo na paa. Kila mtoto wa Kilvarra aliyajua. Ukiyazungusha kwa kufuata jua, unaomba dua. Ukiyazungusha kinyume cha jua kwa jina la mtu, umemlaani yeye na nyumba yake, na wa kuitengua laana hiyo ni mtu wa ukoo wa Gilhooly peke yake. Heverin aliyatia ndani ya kioo, ukumbini mwa hoteli.

Siku ya ufunguzi mji mzima ulikwenda kunywa chai ya bure. Heverin akabonyeza kitufe. Sahani iliyobeba mawe ikaanza kuzunguka taratibu, ili wageni wayaone pande zote. Chini yake paliandikwa kwa dhahabu: Familia ya Heverin.

Bibi Delia Mongan akapiga ishara ya msalaba, chai ikammwagikia kifuani.

"Yesu na Maria! Colman, mwanangu, yanakwenda kinyume!"

Heverin akatazama jua dirishani, akatazama mawe, uso ukampauka. Suti yake ilitoka Dublin, lakini bibi yake alizaliwa Kilvarra, na hadithi ya mawe aliijua tangu utoto. Akaizima mashine upesi. Lakini fundi alikuwa akiijaribu tangu asubuhi, mawe yakiwa juu yake.

"Festus, baba," alisema kwa sauti ya chini, "njoo uyarudishe."

"Nifungulie kaburi."

"Siwezi. Sasa ni sheria ya serikali, si yangu."

"Ulipoiomba ilikuwa yako."

"Nina watoto, Festus!"

"Na mimi nina mke." Akavaa kofia, akatoka.

Tangu hapo hakuna bibi harusi wa Kilvarra aliyekubali kufanyia karamu yake hotelini, chini ya jina lile. Mpishi akaacha kazi. Heverin akateleza ngazini, akavunjika mguu, na hakuna aliyeuliza imekuwaje. Kila Jumapili baada ya misa alimngoja Festus langoni, ameegemea gongo.

"Siku njema, Festus."

"Kwa nani?"

Hoteli ikauzwa. Mara ya mwisho Festus alipowaona, akina Heverin walikuwa wakipakia vitanda kwenye lori, mvua ikiwanyeshea. Binti yao mdogo alimpungia mkono. Festus akautia wake mfukoni, akasimama palepale katikati ya barabara, mpaka lori likapotelea nyuma ya mnara.