Ramani Iliyoshonwa kwa Akiba

Hamtaniamini. Nasema mapema ili tusipotezeane muda: hiki ninachokiandika hakuna atakayekiamini, na atakayekiamini nitamwonea huruma. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiari yangu, maana walimu walikuwa wameishiwa. Lakini kwa kueleza jambo likaelezeka, mtaani kwetu mwenzangu hajazaliwa. Tena naandika huku najisomea kwa sauti, kama wafanyavyo wakubwa. Sasa kaeni vizuri.

Mpwa wangu ni fundi cherehani. Watu humwita Bi Akiba, na jina hilo kalipata kazini. Ukimpelekea kitambaa, atakukatia gauni likukae, lakini ndani ya kila mshono ataacha kitambaa cha ziada, upana wa kidole, kimekunjwa. Hiyo ndiyo akiba. "Utanenepa tu," humwambia bibi harusi mchana kweupe, mama mkwe akiwa pale pale anasikia. Na kweli, bibi harusi anarudi anahema, Akiba anafumua, anapanua, maisha yanaendelea. Suruali yangu hii nayo imeshapanuliwa. Msiniulize zaidi.

Anaishi na mama yake, yaani dada yangu, ambaye macho yalimzimikia zamani. Nyumba ni vyumba viwili na kibaraza chenye cherehani. Humo ndani dada hana haja ya fimbo. Anapapasa ukuta: hapa ufa, hapa msumari wa kalenda, hapa mlango wa uani. Kalenda haioni, lakini ole wako uisogeze! Ukuta ule ndio macho yake. Ukimhamisha, umempofusha mara ya pili. Likumbukeni hilo, kwa sababu kuanzia hapa vicheko vinapungua.

Barabara ikaja. Yaani zilikuja habari zake: itapanuliwa, nyumba zitakazoguswa zitavunjwa, mwenye pingamizi alilete kabla ya mwezi kwisha. Zitaguswa zipi? Tukaenda ofisi ya manispaa, kwenye ubao wa matangazo, ule wenye kioo. Ndani ya kioo mlikuwa na mjusi aliyekauka na karatasi moja: TAARIFA ZOTE ZINAPATIKANA KWENYE TOVUTI.

"Huo ndio uwazi, mama," karani alimwambia Akiba kupitia dirishani. "Zamani ramani tulikuwa tunazifungia makabatini. Sasa kila mwananchi anajionea mwenyewe."

Tovuti ilikuwepo, sikatai. Kwenye simu ya Akiba ramani ilishuka kama pazia lililokwama, ikagoma kabla ya kufika mtaani kwetu. Tukaenda duka la kuchapisha. Mama mwenye duka akahangaika nayo mpaka akaipata, ila mashine yake haikuwa na karatasi kubwa. "Nitakutolea vipande vipande," alisema, "utaunga mwenyewe."

Mtu mwingine angetafuta gundi. Mpwa wangu alivishona. Kwa cherehani, uzi mweupe, mishono imenyooka kama ya shati la bwana harusi. Akaitandaza ramani sakafuni, ikajaa chumba, na mimi kama mtaalamu nikavaa miwani. Mstari mwekundu wa kuvunja ulipita hapo kwa kinyozi. Baada ya kinyozi, nyumba inayofuata ni yetu, na pale kwenye ramani nyumba iliyofuata ilikuwa nje ya mstari.

"Mjomba, hebu angalia na wewe. Tupo nje?"

"Nje kabisa. Hata tukiomba kuingia watatufukuza."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akapaza sauti, "Mama, hatuguswi!" Pingamizi hatukuandika. La nini?

Siku ya mwisho ya mwezi, asubuhi, akaja kijana wa kupaka rangi na ndoo yake. Akachora alama ya kuvunja kwenye ukuta wetu, nyekundu, kubwa kuliko mlango.

"Wewe kaka, umekosea nyumba!" Akiba alimkemea.

"Mama, mimi nimepewa rangi na picha ya nyumba. Mengine yapo kwenye tovuti." Akabeba ndoo, akaenda kwa mwingine.

Akiba akaivuta ramani kutoka chini ya kitanda. Akaweka kidole kwenye nyumba yetu. Kidole kikaganda.

"Mjomba, hii nyumba imechorwa kisima. Sisi tuna kisima?"

"Hatuna. Kisima anacho jirani."

Alichukua wembe akaanza kufumua. Uzi ukakatika, karatasi ikajikunjua, na ndani ya ule upana wa kidole ilikuwemo nyumba yetu, nzima, na mstari mwekundu umepinda kutoka kwa kinyozi ukaikata katikati. Mkono wake ulikuwa umeacha akiba kwenye karatasi kama unavyoacha kwenye gauni, bila kumwomba ruhusa.

"Nimeikunja mwenyewe," alisema. "Nyumba ya mama yangu nimeikunja mwenyewe."

"Mbona nanusa rangi?" dada aliuliza kutoka ndani.

"Jirani anapaka dirisha, mama."

Lakini dada ni mtu wa kujihakikishia. Alitoka anapapasa, kiganja kikapita juu ya alama ile mbichi. Akasugua vidole. Akarudi ndani, akigusa kama kawaida yake: ufa, msumari, mlango wa uani. Kila alipogusa pakabaki pekundu.

Tukakimbia ofisini, Akiba na pingamizi mkononi, mimi na ramani begani.

"Mapingamizi yanapokelewa kwenye tovuti tu," karani alisema.

"Tovuti haifunguki."

Akatugeuzia skrini yake. Kiduara kilikuwa kinazunguka, kinazunguka. "Hata kwangu haifunguki, mama. Tangu asubuhi."

"Basi pokea kwa mkono."

"Nikipokea nitaweka wapi? Makabati walishayachukua." Wala hakuwa akitudhihaki. Alionekana kama mtu aliyenyang'anywa kiti akiwa amekikalia.

Akiba akaitandaza ramani sakafuni. Waliokuwa kwenye foleni wakapiga magoti, maana hawakuwahi kuiona. "Yangu iko wapi? Nionyeshe yangu!" mwanamke mmoja alimvuta nguo. Fundi baiskeli aliiona ya kwake, akavua kofia, akabaki ameishika. Karani akaitazama saa ya ukutani.

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipokohoa. Kikohozi kimoja tu, lakini cha kiume! Watu mia nne wakasimama nyuma yangu. Karani akatetemeka, akachomoa muhuri wa zamani kutoka kwenye droo, akaugonga juu ya pingamizi la Akiba, pwaa! Wino ukaruka mpaka darini. Mkubwa wake akashuka ngazi mbili mbili akatamka mbele ya wote kwamba nyumba ya yule bibi asiyeona haitagus—

"Mjomba."

Cherehani nyuma yangu imenyamaza. Akiba amesimama begani kwangu, anasoma.

"Muhuri gani huo?"

"Wa kwenye droo."

"Karani alishusha pazia la dirisha akaondoka. Na hao mia nne walikaa wapi? Hatukujaza hata benchi."

"Nilikuwa nafika huko, ila kwanza nilitaka—"

"Umesoma kwa sauti, Mjomba." Ananong'ona. Nyuma yake mafurushi yamefungwa, na nje tingatinga limeshaegeshwa kwa kinyozi. "Mama amesikia yote. Ameniambia nifungue furushi, niirudishe kalenda kwenye msumari wake. Sasa inuka, ukamwambie wewe."