Likizo ya Eda

Mdomo wangu hauna breki, ndiyo maana wenzangu pale ofisini Raskazone walinichagua kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Mwaka ule tulipojadiliana na mwajiri mkataba wa hali bora, nilishikilia jambo moja: mtumishi akifiwa na mume apewe likizo akae eda, miezi minne na siku kumi, na kazi yake aikute. Wazo halikuwa langu. Lilikuwa la mama mfagizi wetu, aliyeniambia huku anakamua tambara, "Mwanangu, waume hawadumu. Liandikeni hilo."

Siku ya tatu ya mabishano mwanasheria wa mwajiri akasema sawa, ila tuongeze "mwenye ajira ya kudumu". Nilijua maana yake. Mama yule alikuwa kibarua wa miezi mitatu mitatu, mwaka wa tisa huo. Kisheria hakuwa mtumishi wa umma, ingawa funguo za ofisi zote alikaa nazo yeye. Nilikuwa nimechoka, nataka ushindi. Nikasaini. Tulipotoka mama alinikumbatia kwa furaha, nami sikumwambia. Niliona haya, nikajidanganya kwamba mzee wake bado yu mzima wa afya.

Mzee alifariki kabla mwaka haujaisha. Nilikwenda kwao Mabawa, nikamkuta mama mkekani, kajitanda nguo nyeupe.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, nimeshapoa. Ile barua ya likizo niliyokutumia umeshaipeleka?"

Loo! Nikamweleza, machozi yananitoka. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alisema "Haya" tu, akageuka kupokea wageni wengine.

Nilikwenda kwa mwajiri, nikaomba, nikafoka. "Si umesaini mwenyewe?" akaniuliza. "Asipokuja Jumatatu, nafasi yake tunaijaza." Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumatatu nilimkuta koridoni anapiga deki, kajifunika mpaka kwenye nyusi. Wanawake wa masijala walikuwa mlangoni wananong'ona, na hawakujali kama anasikia.

"Mjane gani huyu? Mume hata wiki hajamaliza kaburini, eda hakai!"

"Nyamazeni!" nilifoka. "Eda yake imeuzwa."

"Astaghfirullahi! Nani kaiuza?"

Mama aliacha kupiga deki, akaniangalia.

"Mimi," nikasema.