Karatasi Isiyomenywa

"Ufuatiliaji wa Mrejesho wa Ombi la Hati ya Hakimiliki ya Kimila." Hivyo ndivyo karani wa ofisi moja Kilwa Masoko alivyoandika kwenye daftari la wageni. Bibi wa Kipatimu aliyekuwa mbele yangu alikuwa amesema tu, "Nimefuata karatasi ya shamba. Jirani anapanda mikorosho kwangu."

"Bado tunaiprosesi, bibi."

"Ndo mnaifanyaje?"

"Tunaishughulikia. Yaani iko kwenye mchakato."

Bibi akatua kikapu chake juu ya kaunta. "Mjukuu wangu, hata mimi muhogo nauprosesi. Naumenya, nauloweka, nauanika, nautwanga. Karatasi yangu mmeifikisha wapi?"

Karani akatazama dari. Foleni nzima tukamtazama karani.

"Basi hamjaimenya," bibi akasema, akazunguka kaunta na kuketi kwenye kiti cha karani wa pili, aliyekwenda kunywa chai. "Nangoja hapa."

Kiingereza kimetukopesha vitenzi vingi vya kukaa bila kufanya kitu. Kipatimu, naona, hawajakopa.

Hati ilikuwa kwenye droo, ikisubiri sahihi moja. Ilisainiwa kabla ya adhuhuri, bibi akiwa bado kitini.