Chai Isiyochumwa

Mwalimu mkuu alinipokonya vipindi vyangu vya sanaa mbele ya walimu wote, wakati wa chai ya saa nne, huku akitafuna andazi. Gredi ya tisa inakaribia mtihani, alisema, kwa hivyo vipindi vya Jumanne na Alhamisi mchana vitakuwa vya hisabati. Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani jina la somo langu lingebaki palepale, ili maafisa wa elimu wakija walione.

"Na sanaa watafanya lini?" nikauliza.

"Hiyo watafanya wakienda nyumbani, Madam. Kuchora na kuigiza si kitu ya kumaliza masaa ya shule."

Walimu wenzangu waliangalia vikombe vyao. Mimi ni mwepesi wa hasira, hata mama yangu hulalamikia jambo hilo, na siku ile nilinyamaza kwa sababu moja tu: nilikuwa mwalimu wa kuajiriwa na bodi ya shule, na bodi humsikiliza yeye. Lakini maneno yake niliyabeba kama yalivyo. Kama ni nyumbani, basi ningewafundisha nyumbani.

Huku kwetu, juu karibu na msitu wa Mau, nyumbani baada ya shule maana yake ni kituo cha majani. Ni banda la mabati lenye meza ndefu za kumwagia majani ya chai, mzani unaoning'inia, na karani mmoja. Mtoto akitoka shule anavua sare, anamsaidia mama kubeba gunia, wanafika kituoni kabla ya saa kumi, halafu wanangoja lori la kiwanda. Mvua inapiga mabati, watu wanaongea habari za ng'ombe na harusi, lori halionekani. Mimi pia nina kishamba changu cha chai, na kwa miaka nilikuwa nikikaa pale nikisahihisha vitabu. Jumanne iliyofuata sikubeba vitabu. Nilibeba makaa ya kuchorea na magunia ya mbolea yaliyofuliwa, nikawaita wanafunzi wangu wote niliowaona, nao wakaja na wadogo zao.

Wakubwa hawakufurahi. Mzee mmoja aliniuliza kama shule imefungwa. Mwingine akasema, kwa sauti ya kutosha nimsikie, kwamba siku hizi mwalimu akikosa kazi anachafua mikono ya watoto. Nilimwambia mikono ya chai haijawahi kuwa safi. Tukaendelea kuchora.

Wiki ya tatu au ya nne mvua ilikuwa kubwa mno, makaa yakalowa. Nikawaambia kila mtu achague kitu kimoja kilicho hapa kituoni, awe hicho kitu. Wavulana watano wakashikana viuno wakawa lori lililokwama kwenye matope, na walikwama vizuri sana. Mmoja akawa mzani. Msichana wa jirani yangu, yule ambaye shamba lao na langu yanatenganishwa na ua, akapanda juu ya meza akalala kifudifudi. Ni msichana wa maneno machache. Nilimuuliza yeye ni nani.

"Mimi ni jani," akasema.

Nikamwambia aseme basi.

"Nilichumwa asubuhi. Mkono ya mama ilikuwa baridi. Saa sita nilikuwa bado kijani. Saa tisa nikaanza kusikia joto, tulikuwa wengi kwa gunia. Nilikuwa nasikiza lori. Kila gari ikipita nasema ni hiyo." Hapo akainuka, akaketi. "Sasa karani ameingiza mkono, amesema nimeungua. Mama amenirudisha kwa gunia. Tunaenda nyumbani na njia ya chini, ndio watu wasituone."

Watu wote bandani wakamgeukia, na najua kwa nini. Njia ya chini ni ile inayofuata mto, nyuma ya mashamba. Mtu ambaye majani yake yamekataliwa hupita huko na gunia lake, akayamwage nyuma ya migomba, na asimwambie mtu. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeipita mara mbili mwaka ule, nikijiuliza kama mikono yangu imesahau kuchuma. Niliona aibu pale, mwalimu mzima, na aibu ile ikageuka ghadhabu.

Bibi mmoja mzee, ambaye sote tunamwita kogo kama nyanya yetu, ndiye aliyesema kwanza.

"Kumbe hata nyinyi mnapitanga hiyo njia?"

Wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Haikuwa mikono ya mtu. Lori lilikuwa linachelewa, majani yakiungulia kwenye magunia.

Karani alikasirika. Yeye haliendeshi lori, na nilimhurumia kidogo, kidogo tu, maana asubuhi iliyofuata habari zilikuwa zimeshafika shuleni. Mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Umetumia watoto kutukana watu ya kazi. Uache hiyo mchezo ama bodi itafute mtu mwingine."

"Wako nyumbani, Mwalimu," nikamjibu. "Wewe ndiye ulisema nyumbani."

Niliogopa, sitadanganya. Hakuna shule nyingine ya karibu iliyokuwa ikitafuta mwalimu wa sanaa. Alhamisi nikaenda kituoni vilevile.

Wakulima nao hawakulala. Walienda kiwandani kwa pamoja kuuliza habari za lori, wakarudi tena, wakaenda mara ya tatu, hadi lori likaanza kufika mapema. Kwa hivyo siku ya mkutano wa wazazi, mama yake yule msichana alisimama akasema somo la sanaa lirudishwe darasani.

"Hiyo somo ndio ilituletea lori," akasema, na watu wakapiga makofi.

Mwalimu mkuu anajua kusoma upepo. Alisimama akitabasamu, akasema vipindi vimerudi leo hii. Na tangu sasa, akaongeza, Madam atatutungia maigizo ya maana: ya mbolea, ya usafi wa vyoo, hata ya hisabati. Mambo ya kusaidia. Makofi tena. Wote wakanigeukia nishukuru.

Ningeweza kushukuru nikae. Nilikuwa nimeshinda.

"Asante kwa vipindi," nikasema, "lakini hayo sitayafanya. Lori lilikuja, nami nafurahi, majani yangu pia yanapanda humo. Lakini lisingekuja, bado ningedai vipindi vyangu. Huyu mtoto hakulala pale mezani ili awaletee lori. Alitaka kujua jani linasikia nini. Si kila kitu mtoto anachowaza tumtume nacho dukani."

Hakuna aliyepiga makofi. Jirani yangu, aliyenitetea, aliangalia sakafu, na hilo liliniuma kuliko yote. Mwalimu mkuu aliandika kitu kwenye daftari lake. Nikajua nimeisha.

Kisha kogo akasema kutoka nyuma, "Mimi nataka tu kuona ile jani tena."

Watu wakacheka, mkutano ukahamia mambo ya uji wa watoto. Hadi leo sijui kama ni kogo aliyeniokoa, au ni kwamba hakuna mwingine aliyeitaka kazi yangu.

Jumanne iliyofuata, darasani, sikuwapa mada. Niligawa makaa, magunia, na chaki nilizonunua sokoni Silibwet, nikaketi nyuma. Msichana wa jirani alichora shamba la chai lililoachwa. Anayeijua chai anajua kwamba usipoichuma wala kuipogoa inakuwa mti, na kwetu shamba kama hilo ni aibu, ni la mlevi au la ndugu waliogombana. Lakini hili lake lilikuwa limepandwa kwa mistari iliyonyooka, na kila mti ulipita paa la nyumba.

Mwalimu mkuu alikuja dirishani, mikono nyuma. Akainama kuutazama mchoro.

"Chai imekuwa mrefu hivi," akasema, "nani atachuma?"

Msichana hakuinua kichwa. Alikuwa ameanza kutia maua meupe kwa chaki.

"Hii haichumwi, Mwalimu," akasema, na akaendelea na ua lililofuata.