Gurudumu la Kulia la Gari la Mawese

Jumanne, tarehe 9 Septemba 1913, siku ya saba ya Mfunguo Mosi, watu kumi na mmoja walikusanyika uani pa ghala la mawese la Rumonge. Walikuwa hawa: Hadji Shafii, msimamizi, Kassimu, mhunzi, Hamissi na Asmani, wavuta gari, wapiga makasia wanne, Batuli na Esha, wachujaji wa mafuta, na mlinzi wa lango. Hakukosekana mtu. Walikuwa wameitwa kwa sababu ya gurudumu.

Gari lenyewe lilikuwa la kukokotwa kwa mikono, lenye magurudumu mawili, nalo lililetwa kwa mashua kutoka Ujiji mwezi wa Februari. Kabla yake mawese yalishuka kutoka Kizuka mabegani mwa watu. Kila gurudumu lilikuwa la mti, limevishwa pete ya chuma kwa nje ili mti usiliwe na mawe ya njiani. Pete hiyo ndiyo iliyokuwa tairi ya zama za Mdachi. Sasa pete ya gurudumu la kulia ilikuwa imelika tena. Ukingo wake wa ndani, ule unaotazamana na sanduku la gari, ulikuwa mwembamba kama makali ya kisu, ilhali ukingo wa nje ulikuwa ungali mnene. Pete ya kushoto haikuwa na kasoro yoyote.

"Hii ni ya tatu," alisema Hadji Shafii, huku akiikunjua barua. "Mwenye ghala ameandika kutoka Usumbura. Asema pete ya nne ikiliwa kabla ya mwaka kwisha, ataleta mhunzi mwingine, na kile kibanda cha kufulia chuma kitakuwa cha huyo mgeni. Umesikia, fundi?"

"Nimesikia, Hadji."

"Wasemaje?"

"Sijasema."

Ndivyo alivyokuwa Kassimu. Hakujibu neno kuhusu chuma kabla ya kukishika. Alizaliwa Ujiji kwa wazazi waliotoka Manyema, akajifunza uhunzi kwa mjomba wake, akahamia Rumonge akiwa na nyundo mbili, koleo moja, na mke mmoja, Kulthumu. Kibanda kile alikuwa amekijenga kwa mikono yake miaka tisa iliyopita, kwenye kiwanja cha ghala. Kiwanja kilikuwa cha wenyewe. Chake kilikuwa moto tu. Watu wa pwani ile ya ziwa Tanganyika walimjua kwa majembe yasiyopinda na kwa tabia yake ya kupima kila kitu kwa vifundo vya kidole cha shahada, hata samaki.

Batuli, aliyekuwa amesimama karibu na mitungi yake, hakuweza kunyamaza. "Fundi, gurudumu lako la kulia lina njaa kuliko mwenzake. Au ndiyo adabu uliyolifundisha, kula kwa mkono wa kulia?"

Wapiga makasia walicheka. Kassimu alichuchumaa, akapitisha kidole gumba juu ya ukingo ulioliwa.

"Hata likila, dada yangu, nataka kumjua anayelipakulia," alisema.

Mchana ule, nyumbani, Kulthumu alimwekea ugali wa muhogo na dagaa, akamtazama anavyomega pasipo kula.

"Watu wasema chuma chako ni kibovu," alisema Kulthumu.

"Huenda ni kweli."

"Mbona wewe huwi upande wako hata siku moja?"

"Nikiwa upande wangu, mke wangu, nani atakayekuwa upande wa gurudumu?"

Kulthumu alimwambia ale kabla gurudumu halijaja kumalizia dagaa.

Kwa hiyo Kassimu alianza kwa kujishuku mwenyewe. Alifua pete mpya, akaivisha gurudumu la kulia. Kisha akafanya jambo lililowashangaza wavuta gari: aliyavua magurudumu yote mawili na kuyabadilisha pande. La kulia akalipeleka kushoto, la kushoto akalileta kulia.

"Iko dawa gani hii, fundi?" aliuliza Hamissi. Huyu alikuwa mtu wa Minago, mwenye kifua kama mlango wa ghala, na Kiswahili chake kilikuwa kimelowa Kirundi.

"Si dawa. Ni swali. Kama ubaya umo katika chuma changu, utaifuata pete popote niipelekapo. Kama haumo, utabaki upande wa kulia na kuila pete nyingine. Vuteni kama mnavyovuta siku zote, msibadili kitu."

Walivuta wiki mbili. Siku ya kumi na nne Kassimu aliyachunguza magurudumu mbele ya Hadji Shafii. Ile pete iliyokaa kushoto miezi yote bila kasoro, sasa ikiwa kulia, ilikuwa imeanza kuliwa ukingo wa ndani. Pete mpya, iliyokuwa kushoto, haikuwa na alama ya kuliwa upande.

"Basi chuma hakina hatia," alisema Hadji Shafii.

"Chuma hakina. Mimi bado sijajua."

Alilaza gari chali, akavuta uzi wa katani kutoka ncha moja ya mhimili hadi nyingine, maana mhimili ndio ule mtaimbo wa chuma unaobeba magurudumu yote mawili. Upande wa kushoto uzi uligusa chuma sawasawa. Upande wa kulia ncha ilikuwa imepinda kwenda juu kwa kiasi cha nusu kifundo. Gurudumu lililovishwa kwenye ncha iliyopinda hivyo huinamisha kichwa ndani na kutoa mguu nje. Basi hukanyaga kwa ukingo wa ndani tu, kama mtu mwenye matege ya kugonganisha magoti anavyokimaliza kiatu chake upande mmoja.

Mtu mwingine angeishia hapo. Kassimu aliupasha moto mhimili, akaunyosha, akaupima kwa uzi mara tatu. Halafu akazipaka pete zote mbili chokaa, akaamuru gari tupu livutwe hatua ishirini juu ya udongo mgumu uliofagiwa. Chokaa ilitoka sawa pande zote. Akaipaka tena, akawaacha waende Kizuka. Waliporudi na mzigo, pete ya kulia ilikuwa nyeupe ukingo wa nje na nyeusi ukingo wa ndani.

Aliukalia mkono wa gari muda mrefu. Gari tupu lilikuwa zima. Gari lenye mzigo lilikuwa gonjwa. Jambo lililobaki lilikuwa mzigo, na mzigo hakuwahi kuuona ukipakiwa.

Jumatano, tarehe 1 Oktoba, alifuatana nao hadi Kizuka. Kule michikichini alikaa juu ya gogo, akatazama. Madebe yalikuwa kumi na mawili. Hamissi aliyapakia peke yake, akimzuia Asmani asiguse. Aliweka manne upande wa kushoto, nyuma ya mahali pa Asmani, na manane upande wa kulia, nyuma ya mahali pake mwenyewe. Asmani alishika mkono wa gari wa kushoto kwa uangalifu wa mtu anayekaa kwenye kiti kibovu. Alikuwa amepita umri wa miaka hamsini, na nyonga yake ya kushoto haikunyooka tangu safari ya mwisho ya Tabora.

"Kwa nini manane huku?" aliuliza Kassimu.

Hamissi alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini maji hushuka. "Fundi, wewe hukubeba mpiko? Watu wawili, mti mmoja, mzigo katikati. Mwenzako akichoka, mzigo unausogeza kwako. Muzee huyu alinisogezea mzigo njia nzima ya Tabora, nikiwa na homa. Sasa iko zamu yangu."

"Nilimkataza," alisema Asmani. "Lakini kichwa chake ni cha mchikichi."

"Bora cha mchikichi kuliko nyonga ya mulango mbovu, baba."

Asmani alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alimgeukia Kassimu. "Utamwambia Hadji?"

"Nitamwambia habari za gurudumu."

"Na nyonga yangu?"

"Nyonga sikuipima."

Njia nzima ya kurudi Kassimu alitembea nyuma ya gari, akiyatazama mabega ya Asmani. Kila hatua gari lilijaribu kugeukia kulia, ambako mzigo ulilala, na kila hatua mkono wa kushoto wa gari ulimsukuma mzee ubavuni. Ilimbidi ajikaze kwa mguu uleule mbovu ili asitupwe njiani. Kassimu alihesabu hatua mia mbili, na katika zote hakuona hata moja isiyomgharimu mzee.

Kesho yake Hadji Shafii aliwaita watu wote kumi na mmoja. Kassimu alieleza kwa utaratibu: pete, mhimili, mzigo. Mzigo ulipangwa kwa desturi ya mpiko. Uzito wa upande mmoja ulikuwa umekunja mhimili, na mhimili ukalifanya gurudumu likanyage vibaya.

Hadji Shafii alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake ilikuwa na makali. "Mpiko husogezwa kwa sababu mmoja amechoka," alisema. "Nani aliyechoka katika ghala langu?"

Kassimu aliligeukia gurudumu. Kusema uongo hakujua, na kusema kweli kulikuwa ni kumfukuzisha mtu ili yeye abaki na kibanda.

"Ni mimi, Hadji," alisema Asmani. "Fundi asilaumiwe kwa ajili yangu."

Batuli aliushusha mtungi wake.

"Kabla hujahukumu, Hadji," alisema Kassimu, "naomba ushike mkono wa gari wa kushoto. Hatua kumi tu."

Mlinzi alikohoa. Hadji Shafii aliutazama weupe wa kanzu yake, akaipandisha na kuifunga kiunoni. Walipakia madebe kwa desturi ya Hamissi, manane na manne. Hadji alivuta pamoja na Hamissi hatua kumi, na kufikia ya sita alikuwa ameshaachama kinywa. Kisha Kassimu akayapanga upya: sita huku, sita huku, na yote juu ya mhimili ili mikono ya gari isielemee viganja. Walivuta tena. Walipofika hatua ya kumi, Hadji hakusimama. Aliendelea hadi langoni, akageuka, akarudi.

"Gari lile la kwanza lilikuwa linanipiga ubavuni," alisema, huku akishusha kanzu.

"Ndivyo lilivyompiga Asmani miezi saba," alisema Kassimu. "Hamissi alidhani anampunguzia. Mpiko hubebwa na mabega. Gari hubebwa na magurudumu. Ukisogeza mzigo garini, mwenzako hapumziki, na gurudumu linakufa."

Hamissi alimgeukia Asmani. "Mbona hukunambia?"

"Ulikuwa unanihurumia," alisema Asmani. "Huruma hairudishwi kama debe tupu."

Hadji Shafii aliikunja ile barua ya Usumbura, akaitia mfukoni. "Asmani aendelee kuvuta," alisema. "Madebe sita kwa sita. Na wewe, fundi, pima pete mwisho wa mwezi wa Desemba, mbele yangu."

Kassimu aliipima tarehe 31 Desemba kwa kifundo cha kidole, halafu, kwa kuwa Hadji hakuridhika na kidole, kwa uzi. Pete zote mbili zilikuwa zimelika kidogo, kwa kiasi kimoja, ndani na nje. Mhunzi mwingine hakuletwa.

Vita vilipofika ziwani, watu wenye nguvu walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi. Asmani alipangwa mstarini pamoja na wengine, akaambiwa atembee, akarudishwa kwa sababu ya nyonga. Mwezi wa Juni 1916, Wabelgiji walipokuja na Mdachi kuondoka, Kassimu aliwahesabu watu wa ghala. Hadji Shafii alikuwa amerudi Ujiji. Hamissi na wapiga makasia wawili walikwenda na mizigo ya vita, hawakurudi. Waliosalia walikuwa saba: Kassimu, Asmani, wapiga makasia wawili, Batuli, Esha na mlinzi wa lango.